Sarafu za 50, 100 na 200: Uendelee Kuzitumia, Uzitie Kibubuni, Uzibadilishe, au Ulipe kwa Simu?

Mwishoni mwa mwaka 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, ilipandisha nauli ya daladala kwa safari zisizozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600. Wengi waliona nyongeza ya mia tu. Kwa upande wa chenji, mambo yalibadilika zaidi ya hapo. Nauli ya 500 ulikuwa unatoa jero moja, konda anapokea, hakuna anayemdai mwenziwe. Nauli ya 600 inataka jero na mia. Ukitoa buku unadai 400, na hiyo 400 konda hawezi kukupa bila sarafu za mia mbili au za mia. Mia ambayo watu walishaanza kuiacha juu ya kaunta ikarudi kuwa hela ya kutafutwa kituoni saa kumi na mbili asubuhi.

Ndiyo maana naona ni mapema mno kusema sarafu ndogo zimekwisha kazi. Ila namwelewa pia mtu mwenye kopo la maziwa ya unga lililojaa hamsini hamsini uvunguni, hajui azipeleke wapi. Aziingize mfukoni kila asubuhi? Aziache zijae, zifanye kazi ya akiba? Azibebe hadi benki? Au aachane nazo kabisa alipe kila kitu kwa simu? Njia zote hizo zina watu wanaoziapia, na wote wana sababu.

Vigezo

Njia zote nimezipitisha kwenye maswali manne yaleyale. La kwanza, inakufikisha wapi: hela inanunua nini, na nani anaipokea bila kukunja uso. La pili, usumbufu: uzito, kuhesabu, foleni, mtandao. La tatu, gharama na hatari: makato, wizi, kupotea, bei kupanda wakati hela imelala. La nne, njia hiyo inamfaa nani.

Jibu la swali la kwanza hubadilika mtaa kwa mtaa. Hamsini ukiwa Tandale kwenye genge la jioni ina kazi; ukiwa Masaki unaweza kumaliza mwezi bila kuiona. Kwa hiyo unaposoma, pima kwa mtaa wako.

Sarafu zenyewe ni hizi: ya 50 yenye faru na mtoto wake, upande wa pili Mzee Mwinyi, ya 100 yenye swala, na Mwalimu Nyerere, ya 200 yenye simba, na Mzee Karume. Jero ya chuma yenye nyati naitaja pembeni tu, kwa kuwa hiyo haina anayeikataa. Benki Kuu (BoT) iliitoa Oktoba 2014 ichukue nafasi ya noti ya 500, iliyokuwa ikipita mikono mingi na kuchakaa upesi. Noti yenyewe ya 500 ya mwaka 2010 ilikuwemo kwenye orodha ya noti za zamani ambazo BoT ilizikusanya kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, na baada ya hapo hailipii tena kitu. Maana yake ni kwamba kuanzia 500 kushuka chini, Tanzania tumebaki na sarafu tupu. Anayezikataa sarafu amekataa chenji yote iliyo chini ya buku.

Njia ya kwanza: kuzitumia kila siku

*Inakufikisha wapi.* Mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mia na mia mbili ndizo hela za andazi, kashata, karanga za kufungwa kwenye karatasi, ndimu, pilipili, kiberiti na barafu za watoto. Mia mbili ndiyo nauli ya mwanafunzi kwenye daladala, na ndiyo nauli ya mtu mzima anayevuka kwa pantoni kati ya Magogoni na Kigamboni. Choo cha stendi kinataka sarafu. Muuza kahawa wa jioni, yule mwenye birika juu ya jiko la mkaa na vikombe vinavyogonganishwa, ukimpa noti ya elfu kumi kwa kikombe kimoja umemharibia biashara.

Mtazame konda wa gari la Gongo la Mboto au Mbagala. Noti amezikunja kwa urefu, amezipachika katikati ya vidole kwa mpangilio: buku huku, elfu mbili kule, elfu tano mwisho. Sarafu ziko kwenye kiganja kingine, anazichezesha karibu na bega lako, nawe unajua umefikiwa bila yeye kufungua mdomo. Zile sarafu ndizo zinazoamua kama utashuka na chenji yako au utaambiwa "subiri mbele" hadi kituo chako kipite. Ukipanda na 600 kamili, hiyo kero unaikwepa.

Hamsini ina hali yake. Peke yake hununua pipi, au kidonge kimoja cha panadol kwenye duka linalouza kimoja kimoja, basi. Kazi yake kubwa ni kukamilisha: mbili zinakuwa mia, moja inaziba bei ya 150 au 1,950. Kuna wauzaji wanaoirudisha wakisema haitumiki siku hizi. Si kweli. Hamsini ni fedha halali, na aliyeipokea ana haki ya kuitumia.

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo penye uzito kwangu. Hamsini inapokosekana mtaani, bei ya 150 haishuki kuwa 100. Inapanda kuwa 200, yaani mnunuzi kaongezewa theluthi nzima kwa sababu tu hakuna kipande cha chuma cha kurudishia. Mwenye kununua kwa mwezi, gunia la mchele na dumu la mafuta, haimgusi. Anayenunua mafuta ya kupima, sukari ya robo na nyanya za fungu inamgusa kila jioni, na ndiye asiye na pa kuipata hiyo hamsini. Hata ile desturi ya kurudishiwa pipi badala ya mia ni hivyohivyo: umelazimishwa kununua kitu ambacho hukukitaka, na kesho ukienda na pipi hizo dukani hakuna atakayezipokea kama hela.

*Usumbufu.* Ni uzito na kelele. Mfuko wa suruali hutoboka, pochi hutuna. Akina mama wanaofunga sarafu kwenye pindo la kanga wamepata suluhisho zamani; wengine wanatumia kipochi cha zipu. Ukibeba sarafu sita au saba kwa siku, za kutosha nauli na chai, huoni mzigo. Ukibeba arobaini, umekosea mahali.

*Gharama na hatari.* Hakuna makato. Hatari yake ni kupotea mojamoja bila wewe kujua: chini ya kochi, kwenye kiti cha bajaji, kwenye mashine ya kufulia. Kibaka hahangaiki nazo.

*Inamfaa nani.* Anayepanda daladala, anayenunua gengeni na kwa wachuuzi, mwenye watoto wa shule. Na mwenye biashara ndogo ya aina yoyote: genge, chipsi, duka la Mangi. Huyo hana uchaguzi; asipokuwa na sarafu atapoteza wateja.

Njia ya pili: kibubu

*Inakufikisha wapi.* Hesabu ni nyepesi. Mia mbili kila siku kwa mwaka mzima ni shilingi 73,000. Mia kila siku ni 36,500. Kwa familia yenye mtoto wa shule ya msingi, hiyo ya kwanza inabeba madaftari, soksi na sehemu ya sare shule zinapofunguliwa Januari. Si hela ya kujengea, lakini inatosha kukuzuia kwenda kukopa Januari.

Nguvu ya kibubu iko kwenye udogo wa sarafu yenyewe. Elfu tano ukiiweka kibubuni utaikumbuka usiku na kuifuata kwa kisu cha mezani asubuhi. Mia mbili hata huikumbuki. Kwa watu ambao kipato kinaingia kidogo kidogo kila siku, bodaboda, mama lishe, fundi viatu, njia hii inaenda sawa na mwendo wa hela yao kuliko akaunti ya benki inayongoja mwisho wa mwezi.

*Usumbufu.* Unaanza siku ya kuvunja. Shilingi 73,000 za mia mbili mbili ni vipande 365. Kuvipanga ni kazi ya jioni moja ukisaidiwa na watoto. Ukiwa umechanganya na hamsini, kazi inaongezeka. Mwenye busara huweka vibubu viwili, kimoja cha mia mbili na jero, kingine cha mia na hamsini.

*Gharama na hatari.* Mfumuko wa bei hapa nchini umekuwa ukizunguka asilimia 3 kwa miaka ya karibuni, kwa hiyo hata kama 73,000 zote zingelala tangu Januari, zingepoteza uwezo wa kununua wa kama elfu mbili na ushee. Hilo halinitishi. Kinachonitisha ni kibubu cha mbao kuwekwa juu ya kabati mahali ambapo kila mgeni anakiona. Kikiibwa, kimeondoka na mwaka mzima. Halafu unyevu: sarafu nyingi za sasa ni chuma kilichopakwa tabaka la madini mengine, ndiyo maana sumaku inazishika. Zikikwaruzwa kisha zikakaa mahali penye maji, hasa huku pwani, hushika kutu. Weka kibubu pakavu.

Kuna na jambo la majirani. Vibubu vikijaa mtaani, duka linakosa chenji, na tunarudi kwenye ile hadithi ya 150 kuwa 200. Simwambii mtu aache kuweka akiba. Ila ukivunja kila miezi mitatu badala ya kila mwaka, akiba yako haipungui na mtaa unapata chenji yake.

*Inamfaa nani.* Mwenye kipato cha kila siku, mwenye lengo dogo lenye tarehe, na mzazi anayemfundisha mtoto kuhesabu na kungoja. Haimfai mtu mwenye nyumba isiyofungika vizuri, wala mtu ambaye tayari ana kikundi cha kuweka na kukopa kinachokutana kila wiki. Huyo sarafu zake zina pa kwenda.

Njia ya tatu: kuzibadilisha ziwe noti

*Inakufikisha wapi.* Hapa sarafu unaiachia kwa anayeihitaji zaidi yako, nawe unatoka na elfu kumi isiyobishaniwa popote. Wanaozihitaji ni wengi: duka la mtaani, mama ntilie, muuza chipsi, konda kabla hajaanza ruti ya asubuhi. Wengine watakushukuru. Nenda asubuhi kabla biashara haijachangamka. Jioni kila mtu ameshapata sarafu zake na atakujibu kwa mkato.

Watu wa makanisani wanalijua hili vizuri. Sadaka ya Jumapili hujaa sarafu, na mhasibu wa kanisa Jumatatu anatafuta pa kuzipeleka. Mwenye duka jirani Jumatatu hiyohiyo hana chenji. Palipo na maelewano, mfuko unavuka barabara na noti inarudi, wote wameokoa nauli. Kama una duka na kanisa au msikiti uko jirani, kaongee na wahusika. Huenda ndiyo chanzo bora cha chenji ulichonacho.

*Usumbufu.* Dukani ni mdogo, benki ni mkubwa. Benki zinapokea sarafu, ila dirishani wanataka zimepangwa. Nimeshuhudia mama mmoja mwenye mfuko wa rambo uliojaa mchanganyiko akiambiwa akazitenganishe kwanza, foleni nyuma yake inanung'unika, na yule mama akaondoka nao hivyohivyo mabegani kama alivyokuja. Zitenganishe nyumbani. Fungu la elfu kumi ni vipande 50 vya mia mbili, au 100 vya mia, au 200 vya hamsini. Kila fungu kwenye mfuko wake, andika kiasi kwa peni, na nenda katikati ya wiki, mbali na tarehe za mishahara. Kama una akaunti, ziweke kwenye akaunti moja kwa moja. Ni rahisi kuliko kuomba noti mkononi.

*Gharama na hatari.* Nauli ya kwenda benki inaweza kula faida. Kwa sarafu za 8,000 kupanda magari mawili kwenda na kurudi ni hasara tupu. Nauli ya 600 mara nne ni 2,400, karibu theluthi ya mzigo wako. Benki ina maana kuanzia makumi ya maelfu. Chini ya hapo, duka la jirani linatosha. Asikukate mtu asilimia kwa kukubadilishia, kwani wewe ndiye unayempelekea chenji.

*Inamfaa nani.* Mwenye kopo lililojaa ambaye mtaani kwake hatumii hela ndogo. Wahasibu wa vikundi, makanisa na misikiti. Mtu anayehama.

Njia ya nne: kuachana nazo na kulipa kwa simu

*Inakufikisha wapi.* Faida yake kubwa inasahaulika: unalipa kiasi kamili. Bidhaa ya 1,850 inalipwa 1,850. Hakuna pipi, hakuna "utanikumbusha", hakuna kupandishwa hadi 2,000. Lipa namba, ile namba ya muuzaji ya kupokelea malipo ya simu, imefika kwenye maduka ya dawa, supamaketi, vituo vya mafuta, hadi kwa wauza matunda wengi mijini, na mfumo wa malipo ya papo hapo wa Benki Kuu, TIPS, umewezesha hela kutoka mtandao mmoja au benki moja kuingia nyingine. Kadi nayo imepata nafasi: N-Card inatumika kwenye kivuko cha Kigamboni na kwenye lango la Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Penye upungufu ni palepale ambapo sarafu ina nguvu. Muuza karanga anayetembea, konda mwenye abiria thelathini na watano wa kukusanya kati ya vituo viwili, mtoto wa darasa la pili mwenye mia mbili yake ya nauli. Hao simu haijawafikia kwa namna inayofanya kazi.

*Usumbufu.* Siku mtandao ukiwa mzuri, hakuna. Siku umekata, au chaji imeisha, unasimama kaunta na bidhaa mkononi huku muuzaji anasubiri meseji ambayo haiji. Muuzaji naye amejifunza kutokuamini meseji ya kuonyeshwa kwenye simu ya mteja, kwa sababu ya matapeli, kwa hiyo atangoja ya kwake.

*Gharama na hatari.* Makato. Yanatofautiana kwa mtandao, kwa kiasi na kwa aina ya muamala, na hubadilika, kwa hiyo angalia jedwali la mtandao wako mwenyewe. Kanuni ya kushika ni kwamba kiasi kikiwa kidogo, makato ya shilingi chache huwa sehemu kubwa ya malipo. Kisha kuna yule muuzaji asiye na lipa namba anayekupa namba yake ya kawaida na kukwambia "weka na ya kutolea". Hapo andazi la mia mbili limekuwa ghali. Upande mwingine, simu inakupa kumbukumbu ya kila ulicholipa, na ikiibiwa, hela yako bado ina namba ya siri.

Kenya inaonyesha namna makato yanavyobadili tabia. Kule kutuma shilingi 100 za Kenya au pungufu kwa M-Pesa hakukatwi kitu, kwa hiyo malipo ya mboga na chapati yamehamia kwenye simu kwa kiwango ambacho huku hatujakifikia. Hata hivyo Benki Kuu ya Kenya haikuziacha sarafu: Desemba 2018 ilitoa mpya za 1, 5, 10 na 20, zenye twiga, faru, simba na ndovu, zisizo na sura ya rais kwa kuwa Katiba ya 2010 inakataza. Ila kumbuka uzito wake: shilingi 20 ya Kenya inakaribia 400 za kwetu. Hata mia mbili yetu ni kama shilingi kumi tu kwa hesabu za kwao. Mkenya anayesema "kumi bado ina kazi" na Mtanzania anayesema "mia mbili bado ina kazi" wanasema jambo moja.

*Inamfaa nani.* Mfanyakazi wa mjini anayelipwa kwa benki au simu, anayenunua kwenye maduka yenye lipa namba. Mfanyabiashara anayetaka hesabu safi. Mtu anayesumbuliwa na macho kiasi cha kuchanganya mia na hamsini.

Na za kumbukumbu je?

Kwa kifupi. Senti 5, 20 na 50 na shilingi moja za mwaka 1966, mwaka Benki Kuu ilipoanza kazi, ni vitu vizuri kuwa navyo. Zile senti 20 za mbuni na senti 50 za sungura zinamfundisha mtoto kwamba kulikuwa na wakati senti inanunua kitu. Lakini zilitengenezwa kwa wingi, na soko la wakusanyaji duniani linazinunua kwa bei ndogo sana. Matangazo yanayodai shilingi ya zamani inauzwa mamilioni yanalenga kitu kimoja: utume "ada ya usajili" au "hela ya kumfikia mnunuzi". Usitume hata mia. Weka mojamoja ya kila aina kwa ajili ya wajukuu. Hizi za 50, 100 na 200 za leo hazina sababu ya kufungiwa kabatini kwa matumaini ya kupanda thamani.

Kwa hali yako

Unapanda daladala kila siku: weka kipochi cha nauli tu. Kila jioni kihesabu, hakikisha kesho una 600 mbili kamili. Sarafu zinazozidi hapo zitie kibubuni.

Una genge au duka: usiruhusu mteja aondoke na pipi. Tafuta chanzo cha kudumu cha sarafu, kanisani, msikitini au kwa konda unayemjua, na weka lipa namba kwa ajili ya wenye elfu kumi ya asubuhi. Hizo njia mbili zinasaidiana. Kama bei zako nyingi zinaishia na 50 na hamsini haipatikani kabisa, uza kwa jozi: viwili kwa 300 badala ya kimoja kwa 200. Mteja haumii, nawe unauza zaidi.

Una watoto wa shule: mia mbili za nauli ziwe zimetengwa tangu Jumapili usiku, kumi kwa mtoto mmoja kwa wiki, kwenda na kurudi. Asubuhi ya Jumatatu si wakati wa kutafuta chenji ya elfu tano.

Una kopo la hamsini lisilokuwa na mpango: usizitupe wala usiziache zipate kutu. Zitenganishe leo, mpelekee mwenye duka la karibu asubuhi. Akikataa hamsini zote, mpe nusu na nusu nyingine mpelekee muuza barafu au pipi karibu na shule. Huyo huzitaka kuliko wote.

Unalipa karibu kila kitu kwa simu: baki na sarafu chache kwenye gari au begi. Vipande vitano vya mia mbili na vitano vya mia vinatosha kwa choo cha stendi, kivuko, na siku ambayo mtandao umekata.

Unaishi na mzee: muulize anachopenda kabla ya kumhamishia kwenye simu. Wazee wengi wanaitambua mia mbili kwa kidole bila kuvaa miwani, na uhuru wa kumwita muuza karanga mlangoni na kumlipa mwenyewe ni mkubwa kuliko tunavyouona sisi.

Unasafiri kwenda Kenya kupitia Namanga, Holili au Horohoro: maduka ya kubadilishia fedha kwa kawaida hayachukui sarafu, za kwetu wala za kwao. Nunua maji na karanga upande wetu kabla ya kugonga muhuri, na ukirudi fanya vivyo hivyo kwa zile za twiga na simba. Zikibaki, zitenge kwenye bahasha iliyoandikwa jina la nchi, usizichanganye na za nyumbani, mpe ndugu anayesafiri baada yako.